Dawa za akili zimemnenepesha kaka yako? Usimcheke, vaa raba mtembee

Kama una kaka, dada au rafiki aliyeanza kumeza dawa za akili hivi majuzi, huenda umeona mambo mawili. La kwanza, ametulia. Zile sauti alizokuwa akisikia zimepungua, usiku analala, na mathe nyumbani amepumua. La pili, nguo zake hazimtoshi. Hapa Timau watu hawanyamazi: "Bro, umeomoka siku hizi! Unakula poa!"

Kitambi hicho si cha kuomoka, na ndicho kinafaa kukutia wasiwasi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu wenye maradhi makali ya akili kama skizofrenia na bipola hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Ukisikia hivyo utafikiria moja kwa moja kujitoa uhai. Hilo lipo, na ni zito. Lakini wengi wao huondolewa na maradhi tunayoyajua sote: moyo, kiharusi, kisukari, mapafu. Yaani familia inapambana miaka na mikaka kuokoa kichwa, huku hakuna anayeangalia kifua. Na kwa kuwa maradhi haya hujitokeza sana mtu akiwa kati ya miaka ya mwisho ya ujana na ishirini na kitu, tunaongea kuhusu rika lako, wale mliosoma nao.

Sasa, huu unene unatoka wapi? Sehemu kubwa ni dawa zenyewe. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza, ingawa si peke yake. Zinavuruga ile ishara inayoambia ubongo kwamba umeshiba. Mtu anamaliza sahani ya mukimo na nusu saa baadaye njaa inamuuma kana kwamba hajala tangu jana. Ukimwita mlafi unamwonea tu. Dawa nyingine hukausha mdomo, kwa hivyo anatafuta kitu cha kunywa, na dukani kilicho karibu ni soda. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi vya chai vya sukari. Halafu ongeza usingizi wa asubuhi, kukosa kazi, sigara za kuua muda na, kwa sababu tuko Meru, miraa. Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, na inaweza kurudisha zile sauti. Wengi huitafuna na soda au chai tamu juu yake, kwa hivyo moyo unapigwa kutoka pande mbili.

Kabla hujakimbia kumwambia aache dawa: hapana. Hilo ndilo kosa baya zaidi. Akiacha ghafla maradhi yanaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mtarudi hospitalini usiku mkimshika mikono. Dawa hubadilishwa na daktari.

Cha kufanya ni kipi basi? Wengi wetu huanza na ushauri. "Punguza chapo." "Fanya mazoezi." Ushauri ni bure na ndiyo maana tunaugawa sana, lakini peke yake haufiki mbali. Huko Denmark watafiti waliwapa watu wenye skizofrenia na vitambi mkufunzi wa kuwashauri kwa mwaka mzima. Matokeo yalipotolewa mwaka 2016, hatari yao ya maradhi ya moyo haikuwa imeshuka kuliko ya wale ambao hawakupewa mkufunzi. Lakini Maryland, Marekani, walikuwa wamejaribu njia nyingine. Mazoezi ya kikundi na masomo ya lishe yalipelekwa pale pale wagonjwa walipokuwa wakikutana kila wiki. Walikuwa watu 291, na baada ya miezi 18 kundi la mazoezi lilikuwa limepungua kilo 3.2 zaidi ya wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kilo tatu zinasikika kidogo, najua. Kwa mtu ambaye dawa zinamsukuma juu kila siku, si kidogo hata.

Ninavyosoma mimi hizo tafiti mbili, tofauti ni kampani. Walitoa jasho pamoja, mara kadhaa kwa wiki, mahali walipozoea.

Timau haina gym ya kila mtaa, na huihitaji. Kila Juni watu hutoka mbali kuja kukimbia Lewa, hapo chini tu, kwenye mbio zilizoanza mwaka 2000, wakilipia hewa na vilima ambavyo wewe unavyo bure. Lakini usianze na mbio. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na hata mzima huhema akipanda kuelekea mashamba ya ngano na viazi. Anzeni na dakika kumi barabara tambarare, mfike thelathini polepole, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho WHO inapendekeza kwa mtu mzima. Usimgongee mlango saa kumi na mbili alfajiri pamoja na wafanyakazi wa maua. Dawa ya usiku bado imemlaza, na baridi ya hapa unaijua. Saa nne, jua likiwa limetoka, ndiyo saa yake. Kama anaogopa macho ya watu mjini, pitieni njia za mashambani. Msiongee ugonjwa njia yote. Ongeeni mpira.

Kwa chakula, badilisheni sufuria ya nyumba nzima, siyo sahani yake pekee. Mtu mmoja kupewa sukuma wakati wengine wanakula chips ni adhabu, na usiku ataingia jikoni. Soko la Timau lina kila kitu: minji, kabichi, maharagwe, viazi vya kuchemshwa. Githeri hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe, na kwa njaa ya dawa hiyo ni faida kubwa. Maji yawe mezani muda wote. Chai ibaki, hatuwezi kuishi hapa bila chai, ila sukari ishuke kijiko kimoja kimoja.

Kuna tahadhari mbili. Kama anatumia lithiamu, msikate chumvi ghafla wala kumtoa jasho jingi bila maji, kwa sababu dawa inaweza kujaa kwenye damu na kumdhuru. Na kama yuko kwa olanzapini au klozapini na anataka kuacha sigara, amwambie daktari kwanza. Moshi hupunguza nguvu ya dawa hizo mwilini, na akiacha huenda dozi ikahitaji kushushwa.

Pimeni pia. Chukua kamba, pima urefu wake, ikunje mara mbili. Isipozunguka kiuno chake, hiyo ni onyo. Presha na sukari si lazima mpande matatu hadi Nanyuki au Meru: wahudumu wa afya wa jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine hizo mwaka 2023, kwa hivyo mtafute wa kijiji chenu. Kilo huongezeka kwa kasi zaidi miezi ya kwanza ya dawa, kwa hivyo usingoje mwaka uishe.

Na akisema kifua kinambana au anaishiwa pumzi, usikubali mtu yeyote, hata wa koti jeupe, amwambie "hizo ni akili zako tu". Nenda naye. Ingia naye ndani. Omba apimwe moyo, taja dawa zote anazomeza, na uliza kama kuna dawa isiyonenepesha sana, au kama metfomini, ile ya kisukari, inaweza kumsaidia. Beba paketi za dawa mfukoni, maana majina yake hayashikiki kichwani.