Sikukuu Iishe, Madhara Yasibaki: Sayansi ya Idi ya Watoto Temeke

Mwezi ukishaandama, Tandika hailali. Vibanda vya nguo za watoto vinawaka taa mpaka usiku wa manane, mafundi cherehani wanamalizia kanzu za mwisho, na kina mama wanapakana hina barazani. Asubuhi, baada ya swala, mitaa ya Temeke, Mtoni na Mbagala inajaa watoto waliovaa nguo mpya, wakipita nyumba hadi nyumba kusalimia wakubwa na kupokea mkono wa Idi.

Marekani nako, kila Oktoba 31, watoto huvaa mavazi ya kutisha, hugonga milango ya majirani na kurudi nyumbani na mfuko wa pipi. Ndiyo Halloween, na wazazi wa huko wamekuwa wakitafuta namna ya kuisherehekea bila kuharibu meno ya watoto wala kuzalisha lundo la taka. Jambo hilo linatuhusu na sisi. Fedha ya mkono wa Idi haikai mfukoni. Inaishia kwenye pipi za kijiti, soda, barafu, maputo na vikorokoro vya plastiki vyenye taa.

Sikukuu ni siku moja, lakini baadhi ya vitu tunavyowapa watoto siku hiyo vinadumu kuliko sikukuu yenyewe. Ukichunguza kwa jicho la sayansi utaona kwamba hatari kubwa inatokana na muda: sukari inakaa kinywani kwa muda gani, rangi inaacha nini kwenye ngozi, betri inakwama kooni kwa saa ngapi, plastiki inabaki mtaroni kwa miaka mingapi. Mzazi anayelijua hilo hana haja ya kumnyima mtoto Idi yake. Anachotakiwa ni kuchagua vitu vinavyoisha pamoja na siku.

Pipi moja, saa nne

Wengi wetu tumeamini kwamba sukari humfanya mtoto arukeruke asitulie. Mwaka 1995 Mark Wolraich na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA uchambuzi wa majaribio 23 ambamo watoto na wazazi hawakujua nani amepewa sukari na nani amepewa kitu kitamu kisicho na sukari. Tabia za makundi hayo mawili hazikutofautiana. Kinachomrusha mtoto siku ya Idi ni Idi yenyewe: wenzake, nguo mpya, pembea na kelele.

Sukari inaumiza kwingine. Kwenye utando mwembamba unaofunika meno wanaishi bakteria, mmojawapo akiitwa Streptococcus mutans, ambao hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha asidi kinywani kikishuka chini ya 5.5, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate hujitahidi kuirudisha hali ya kawaida, na kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima. Sasa mfuate mtoto mwenye pipi ya kijiti: anailamba, anaichomoa acheze, anairudisha mdomoni, kisha anafungua nyingine. Kila akiirudisha, asidi inaanza upya na mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi yao. Pipi tatu zikiliwa mara moja baada ya chakula zinaumiza meno kidogo kuliko pipi hizohizo zikilambwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri.

Kiasi nacho kina maana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,400, hiyo ni takriban gramu 35. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 inakimaliza kiwango hicho peke yake. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Dawa yake iko jikoni kwetu tayari. Mtoto ale pilau kwanza, ashibe, ndipo atoke. Vitamu viliwe kwa wakati mmoja, kisha anywe maji na kusukutua. Usiku apigwe mswaki kwa dawa yenye floraidi. Juisi ya ubuyu inampa vitamini C kwa wingi, ila ina uchachu wa asidi, hivyo inywewe na chakula na sukari yake ipunguzwe. Zile punje za ubuyu zenye rangi nyekundu zihesabiwe kuwa ni pipi, maana zimepikwa kwenye sukari.

Na boga, ambalo Wamarekani hulichonga sura ya kutisha kisha wengi wao hulitupa, sisi tunalipika kwa tui la nazi. Sayansi iko upande wa mpishi wa Kiswahili hapo. Rangi ya njano ya boga ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Tui ndilo linaloifikisha mwilini.

Hina ni hina, piko ni kitu kingine

Tazama mkono wa binti wa miaka sita aliyepakwa hina halisi. Rojo lake ni la kijani au kahawia, linanuka majani, na mtoto analalamika kwamba anachoka kukaa ameinyanyua mikono. Linakauka, linapasuka, linapukutika. Chini yake kinabaki kirangi cha chungwa ambacho kitakolea taratibu siku moja au mbili mpaka kiwe chekundu cha damu ya mzee. Rangi hiyo inatoka kwenye kemikali ya jani, losoni, inayoshikamana na protini ya tabaka la juu la ngozi. Ngozi hiyo ikibanduka kwa kawaida yake, rangi inaondoka nayo.

Piko halingoji. Ndani ya muda mfupi ua ni jeusi tii, mistari imekaa sawa, na mtoto ameshainuka kwenda kucheza. Weusi huo unatoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na hauiruhusu kabisa kupakwa kwenye ngozi. Mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote Idi ya kwanza, huku kinga yake ya mwili ikiwa imeshaikariri kemikali ile kama adui. Idi nyingine ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, na makovu yanaweza kubaki. Mzio huo kwa kawaida haumtoki tena maishani. Akiwa mtu mzima, siku atakayopaka rangi nywele zake anaweza kuvimba uso mzima.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi: hina halisi haitoi rangi nyeusi, na haikolei kwa haraka. Mpambaji akikuambia itakuwa nyeusi baada ya saa moja, mwondoe mtoto.

Hata hina halisi isipakwe watoto wachanga. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayoonekana sana katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo, losoni inayopenya kwenye ngozi inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, akapata manjano na kuishiwa damu.

Kitu kidogo kinachong'aa

Miongoni mwa vikorokoro vya sikukuu, chunga zaidi vile vinavyowaka taa. Ndani yake mna betri bapa, duara kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, umeme wake unapita kwenye unyevunyevu wa koo na kutengeneza kemikali kali inayochoma nyama. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa mbili, hata kama betri haijapasuka na hata kama ilikuwa imeshachoka.

Kabla ya kununua, geuza kichezeo na utazame mahali pa betri. Chenye kifuniko kisichofungwa kwa skrubu kisiingie nyumbani mwenye mtoto mdogo. Ukihisi mtoto amemeza betri, usimtapishe, mkimbize hospitali. Mkiwa njiani, kama amepita mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, kwa kuwa asali hupunguza makali ya kuungua. Asiye na mwaka asipewe asali. Jambo la kwanza libaki kuwa kufika hospitali.

Puto lililopasuka nalo liokotwe papo hapo. Kipande cha mpira laini kikivutwa kooni hujibana na kuziba pumzi. Karanga na bisi pia ziwangoje waliofika miaka mitano.

Uwanja wa wazi

Oktoba 1, 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi uliojaa kupita kiasi kwa ajili ya disko la watoto. Katika msongamano wa namna hiyo kifua kinabanwa kisiweze kutanuka, na mtoto, kwa kimo chake, yuko chini ambako hewa ni haba na msaada hauonekani. Ndiyo sababu polisi wa Dar es Salaam wamekuwa wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapokaribia. Viwanja vya wazi kama Mwembe Yanga na Zakhem vina kitu ambacho ukumbi hauna: hewa, na njia ya kutokea kila upande.

Taka za siku moja, mto wa kila siku

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na mitaa ilionyesha tofauti. Lakini Idi ina plastiki yake: vifuko vya barafu, vikombe vya kutupa, mirija, karatasi za pipi. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, Idi husogea nyuma kila mwaka. Idi el Fitri ya 2024 iliangukia Aprili 10, na ya 2025 Machi 31, katikati ya masika. Kifuko alichotupa mtoto asubuhi, mvua inaweza kukifikisha mtaroni kabla ya magharibi.

Mitaro mingi ya Temeke inaelekea Mto Kizinga, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Mtoni na kuingia bandarini kwenye mikoko. Ni mto huohuo unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Kikombe ambacho hakikufika mtoni kinabaki uani kimejaa maji, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, anahitaji siku kama saba hadi kumi tu kutoka yai hadi mbu kamili. Mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua.

Mabaki ya chakula nayo yana hesabu yake. Yakifukiwa pasipo hewa, bakteria huyageuza kuwa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Dampo la zamani la Mtoni, lililofungwa mwaka 2007, lilichaguliwa kwa mradi wa kuvuna gesi hiyo kwa sababu ilikuwapo kwa wingi chini ya taka zetu.

Haya yote mtaa unaweza kuyapanga kabla mwezi haujaandama. Majirani wakubaliane nyumba ipi itatoa juisi kwenye vikombe vya kuosha, ipi itatoa matunda, ipi vileja na kashata, na watoto wale kwa mpangilio badala ya kutwa nzima. Wapakaji hina waambiwe piko halitakiwi kwa watoto. Pawe na gunia la plastiki na ndoo ya mabaki kila kona, na watoto wenyewe wakabidhiwe usimamizi wake. Wanaipenda kazi ya kuaminiwa. Madrasa na ofisi za serikali za mitaa zina sauti inayosikika katika mambo haya, ziitumie. Mtoto anastahili Idi iliyojaa, na anastahili kuamka kesho yake akiwa na meno yake, ngozi yake na mto wake salama. Hayo mawili hayapingani, na gharama yake ni ndogo kuliko soda moja moja tunazowanunulia.