Kwao ni Wapi? Riwaya ya Vijana na Mahaba ya Kwanza katika Mji wa Kolwezi

Katika mji wa Kolwezi, ulio makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo, kijana aghalabu hukua akisema Kiswahili nyumbani, Kiswahili kiwanjani na Kifaransa darasani, akila bukari sahani moja na watoto wa majirani ambao babu zao walitoka nchi mbalimbali, na suala la asili yake lisimshughulishe sana mpaka siku ile atakapompenda mtu. Hapo ndipo wazee huketi, mjomba akaitwa, na swali likaulizwa kwa upole usiokubali mzaha: huyo kwao ni wapi? Naamini kwa dhati kwamba mwandishi atakaye kuwatungia vijana wa ukanda wa shaba riwaya ya nafsi, aila, mila na mahaba ya kwanza hana haja ya kuazima kisa mahali pengine, kwa maana kisa chote kimo ndani ya swali hilo.

Ili tufahamu kwa nini swali hilo ni zito, yatupasa kukumbuka jinsi mji wenyewe ulivyopatikana. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya watu wa kazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoona hasara ya kuajiri wanaume wapweke wanaokuja na kuondoka, ikageuza siasa yake ikawataka wafanyakazi wakae kambini na wake zao, wazae na kulea. Kolwezi, uliojengwa mwaka 1937, ni tunda la siasa hiyo. Kampuni ilitoa nyumba, posho, zahanati na shule, hata mtoto wa kambi akaona mkono wa kampuni katika kila kitu, tangu maziwa aliyonywa mpaka daftari aliloandikia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina la wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni, ambayo baada ya kutaifishwa kwenye miaka ya 1960 ilikuja kuitwa Gécamines. Sijui kisa cha yatima kilicho kikubwa kuliko hicho.

Sasa natuchukue mfano wa binti aliyezaliwa Kapata, katika nyumba za wafanyakazi, baba yake Mbemba na mama yake Mluba wa Kasai. Wabemba huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Waluba wa Kasai huihesabu kwa upande wa baba. Kwa hiyo watu wa baba waweza kusema kwamba mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na watu wa mama wakasema kwamba ni wa ukoo wa babaye, na wote wawili wakawa wanasema kweli kwa kadiri ya mila zao. Maadamu binti ni mdogo, jambo hilo halina uzito. Lakini kijana wa jirani akishaleta posa, na viti vya plastiki vikapangwa uani, na bahasha ikawekwa juu ya meza pasina mtu kuigusa, sharti ijulikane ni nani mwenye haki ya kuipokea. Binti yuko jikoni, mlango umerudishwa nusu, anasikia wazee wakibishana kwa staha juu ya yeye ni wa nani, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kugundua kwamba jambo hilo lina mabishano. Mwandishi mwenye kipaji angeweza kukaa katika ua huo kurasa arobaini, wala msomaji asichoke.

Na kuna wakati ambapo swali hilo halikuulizwa kwa upole. Tangu mwaka 1992, siasa za Kinshasa zilipochafuka na viongozi wa Katanga, jimbo ambalo Kolwezi ulikuwa sehemu yake, wakahubiri kwamba nchi ni ya wenyeji wake, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani, kwanza Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993. Maelfu kwa maelfu walilala katika vituo vya reli wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na wengi walifia njiani au katika kungoja huko kwa njaa na maradhi. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliozaliwa Katanga, ambao hiyo Kasai waliyoambiwa ni kwao hawakupata kuiona kwa macho. Yamkini walikuwamo pia waliowaacha wachumba. Historia imeandika habari za magavana na mawaziri wa siku zile. Habari za barua za mapenzi zilizosalia katika sanduku la mtu aliyepanda treni, hiyo ni kazi ya riwaya.

Isidhaniwe kwamba watu wa Kolwezi ni wageni wa mazungumzo ya mahaba. Hapo Ruwe, mgodi ambao siku hizi huitwa Mutoshi, alihamia padri Mbelgiji Placide Tempels mwaka 1953, yule yule aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu, na kutokana na mikutano yake na wafanyakazi wa mgodi na wake zao ikazaliwa harakati ya Jamaa, iliyoenea katika ukanda mzima wa shaba. Mafundisho yake yalisimama juu ya mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, na mume na mke walifundishwa kufunuliana mawazo yao ya moyoni, jambo ambalo ndoa nyingi za zama zile hazikulizoea. Kanisa baadaye liliingiwa na shaka juu ya Jamaa, na sitaki kuingia katika ugomvi huo. Linalonivuta ni kwamba katika mji wa mitambo na vumbi, watu wazima waliketi jioni baada ya zamu wakajadili mapenzi kwa Kiswahili kama jambo la kufikiriwa kwa uzito, na wajukuu wao leo wangali wakisema lugha ile ile.

Fasihi ya Kongo kwa Kifaransa imekwisha kugusa ardhi hii. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 mjini Likasi na kufariki mwaka 2025, aliitoa mwaka 1989 riwaya yake Shaba deux, iliyo katika sura ya madaftari ya sista wa Kiafrika wakati wa vita vya Kolwezi vya Mei 1978. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, katika La Danse du Vilain ya mwaka 2020 amesimulia habari za Sanza, kijana aliyeikimbia nyumba ya wazazi akaingia katika maisha ya mitaani. Vitabu hivi ni vya fahari, lakini havikutungwa kwa lugha anayotumia msichana wa Manika, hapo Kolwezi, kumwambia shoga yake siri.

Kwa Kiswahili, njia imekwisha kufyekwa upande wa mashariki. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, barua ya mvulana yaangukia mikononi mwa Zakaria, baba mlevi, naye ampiga binti yake kipigo kinachomfunga moyo kwa wanaume kwa miaka. Na mwandishi, bila kuhubiri, atuonyesha jinsi ukali ule ule uliokusudiwa kumlinda Rosa ulivyomwacha hana silaha siku alipokuwa huru chuoni. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, nami naona kwamba wale waliokizuia walimwogopa Rosa kuliko walivyomwogopa Zakaria. Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimtoa Kongowea Mswahili Tanga akamtembeza hadi Kitale kumtafuta baba. Naye Shafi Adam Shafi, katika Vuta n'kuvute ya mwaka 1999, alimkutanisha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, na Denge, mpigania uhuru wa Unguja, na akaonyesha gharama ya mapenzi yanayovuka mipaka ya jamii. Msomaji wa Kolwezi akikisoma kitabu hicho, mji ni wa bahari na majina ni mageni, lakini wale wazazi wanaomfungia binti mlango atawatambua mara moja.

Litazuka swali la lugha: wahusika waseme Kiswahili cha vitabu, au kile cha mitaa ya Katanga, chenye Kifaransa na lugha za jirani ndani yake? Mimi naona wasimulizi wasimulie watakavyo, lakini wapenzi wawili wasizungumze kama kamusi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limecheza tamthilia kwa Kiswahili cha mji kwa miaka mingi, na watu wakacheka na kulia; na mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho hicho historia ya Élisabethville jinsi watumishi wa majumbani walivyoiona. Lugha iliyoweza kubeba historia na tamthilia haiwezi kushindwa na barua ya kijana.

Tena zama zimebadilika, na riwaya isiyolijua hilo itakuwa ya kale kabla ya kuchapwa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Gécamines, iliyotoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoshwa kwa kiinua mgongo. Baba aliyekuwa na kofia ya kazi na posho akabaki nyumbani, na mwana akashika sururu. Mwaka 2014, madini ya kobalti yalipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba mashimo uani na hata ndani ya vyumba. Kijana mwenye miaka 19 aliyepata bahati ya wiki moja shimoni anaweza kuleta mahari ambayo baba mkwe, fundi wa miaka 25 kazini, hakuwahi kuishika; na huyo baba mkwe, anapoipokea, anaipokea kwa moyo gani? Na binti, ajuaye kwamba mashimo hayo huwafukia watu, analala usingizi gani?

Yeyote atakayeandika haya aanze kwa kuwasikiliza watu wazima. Aliyekuwa na miaka 17 alipolala katika kituo cha reli cha Kolwezi mwaka 1993 sasa amefika miaka hamsini au anaikaribia, kumbukumbu zake zingali timamu, na wengi wa rika lake wana binti au mwana aliye katika umri wa kuleta mchumba nyumbani.