Watu wa Misri na Ukanda wa Mto Naili

Idadi ya watu wa nchi yoyote huchunguzwa kwa maswali mawili. Swali la kwanza ni la ongezeko: watu ni wangapi, na wanaongezeka kwa kasi gani? La pili ni la mtawanyiko: watu hao wanaishi wapi? Aghalabu maswali haya hufundishwa katika sura mbalimbali za jiografia, kana kwamba hayahusiani. Nchini Misri hayatenganishiki. Katika muda wa miaka 120, wakazi wa nchi hiyo wameongezeka karibu mara kumi. Ardhi wanayoikalia haikuongezeka kwa kiasi hicho, na maji yanayoilisha ni ya mto mmoja.

WASTANI UNAOFICHA UKWELI

Eneo la Misri ni kilometa za mraba zipatazo milioni moja, yaani linazidi kidogo lile la Tanzania. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu milioni 94.8 waliokuwamo nchini. Mwanafunzi akiigawanya idadi hiyo kwa eneo la nchi atapata wastani wa watu 95 hivi kwa kila kilometa ya mraba. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini picha inayotokana nayo si ya kweli, kwani sehemu kubwa ya nchi haina watu, na sehemu ndogo iliyosalia imejaa mno.

Zaidi ya tisa ya kumi ya Misri ni jangwa. Magharibi ya mto kuna nyika ya mchanga na mawe, yenye mabonde machache ya chemchemi kama vile Siwa, Farafra, Dakhla na Kharga. Mashariki, mpaka Bahari ya Shamu, ni milima mikavu. Mji wa Cairo hupata mvua isiyofikia milimeta 30 kwa mwaka, na Aswan, kusini, huweza kupitiwa na miaka bila ya mvua ya maana. Kwa hiyo kilimo karibu chote ni cha umwagiliaji, na maji ya umwagiliaji ni ya Mto Naili.

Kutoka Aswan hadi Cairo, mwendo wa kilometa zipatazo 900, bonde la mto ni ukanda ambao kwa kawaida hauzidi upana wa kilometa 20. Kaskazini ya Cairo mto hugawanyika katika matawi mawili makuu, la Rosetta na la Damietta, na kufanya delta iliyo pana kama kipepeo cha mkono kilichokunjuliwa kuelekea Bahari ya Mediterania. Katika bonde hilo na delta hiyo ndimo wanamoishi Wamisri karibu wote, katika sehemu isiyozidi asilimia 8 ya nchi. Wakigawanywa kwa sehemu hiyo peke yake, msongamano wao unazidi watu 1,100 kwa kilometa ya mraba.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi mikoa inapolinganishwa. Mkoa wa Bonde Jipya, ulioko katika jangwa la magharibi, una zaidi ya mbili ya tano ya ardhi yote ya Misri, lakini mwaka 2017 ulikuwa na watu wapatao 240,000 tu, yaani pungufu ya mtu mmoja kwa kilometa ya mraba. Mwaka huohuo mkoa wa Cairo ulikuwa na watu milioni 9.5, na mkoa jirani wa Giza milioni 8.6.

HESABU ZA MIAKA 120

Misri ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoanza mapema kuhesabu watu kwa utaratibu wa kisasa, na kwa hiyo mwendo wa ongezeko lake waweza kufuatwa kwa muda mrefu. Sensa zake zilionyesha hivi:

1897: watu milioni 9.7
1947: watu milioni 19.0
1976: watu milioni 36.6
2006: watu milioni 72.8
2017: watu milioni 94.8

Ili kuzielewa namba hizi, kuna kanuni fupi inayotumiwa na wataalamu wa demografia. Ikiwa idadi inaongezeka kwa asilimia fulani kila mwaka, gawanya 70 kwa asilimia hiyo, nawe utapata miaka ambayo idadi itachukua kujirudufu. Kati ya 1897 na 1947 watu wa Misri waliongezeka kwa asilimia 1.4 hivi kwa mwaka. 70 gawanya kwa 1.4 ni 50, na kweli idadi ilichukua miaka 50 hivi kuwa maradufu. Baadaye kasi ilipanda mpaka asilimia 2.3 hivi. Kujirudufu kwa mara ya pili kulichukua miaka ipatayo 30, na kwa mara ya tatu vilevile 30. Kwa maneno mengine, aliyezaliwa mwaka 1947 aliweza, kabla ya kutimiza miaka 60, kuiona nchi yake ikiwa na watu karibu mara nne ya wale waliokuwapo siku aliyozaliwa.

VIFO VILIPUNGUA KWANZA

Ni kosa kudhani kwamba ongezeko hilo lilitokana na akina mama kuanza kuzaa zaidi. Uzazi ulikuwa mkubwa tangu zamani, ila vifo navyo vilikuwa vingi, na hivyo viwili vilikaribia kulingana. Kilichobadilika kwanza ni vifo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watu wa Misri ya Juu walipatwa na maafa ya malaria. Mbu aitwaye Anopheles gambiae, anayejulikana sana Afrika Mashariki, aliingia kutoka Sudan kwa kulifuata bonde la mto, na watu wengi wakaugua. Kampeni kali ya kuyaangamiza mazalio ya mbu huyo ilimwondoa nchini ifikapo 1945. Mwaka 1947 kipindupindu kiliua watu wapatao 20,000. Baada ya hapo dawa za viuavijasumu, chanjo, maji safi na zahanati za vijijini vilienea hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1980 ukafanywa mpango mkubwa wa kuwafundisha akina mama kuwanywesha watoto wenye kuhara maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari maalumu, na vifo vya watoto wachanga vikashuka sana. Mwaka 1970, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, zaidi ya 200 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2020 waliokufa walikuwa 20 hivi.

Ongezeko la watu wa Misri, basi, ni matunda ya ushindi juu ya maradhi. Ugumu ulitokea kwa sababu uzazi haukushuka wakati uleule vifo viliposhuka.

UZAZI ULIPOPUNGUA

Serikali ya Misri iliunda Baraza Kuu la Uzazi wa Mpango mwaka 1965. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1980 mwanamke wa Misri alizaa kwa wastani watoto 5.3 katika maisha yake. Mwaka 2008 wastani ulikuwa 3.0. Ndipo likatokea jambo lisilotarajiwa na wengi: uzazi ulipanda tena hadi 3.5 mwaka 2014, kisha ukashuka hadi 2.85 mwaka 2021. Tukio hilo lafundisha kwamba uzazi hauteremki wenyewe kama jiwe mlimani. Hufuata hali ya elimu, ajira za wanawake, huduma za afya na matumaini ya watu kuhusu maisha yao. Hata ndani ya nchi kuna tofauti: vijiji vya Misri ya Juu, kusini, vimekuwa na uzazi mkubwa kuliko miji na vijiji vya delta.

Lakini mbona idadi huendelea kupanda hata uzazi unapopungua? Mfano rahisi utasaidia. Tuseme akina mama 100 wamezaa watoto sita kila mmoja. Watoto wote ni 600, na nusu yao, yaani 300, ni wasichana. Wasichana hao wakikua na kuzaa watoto watatu tu kila mmoja, watoto watakuwa 900. Uzazi wa kila mama umepungua kwa nusu, lakini watoto waliozaliwa wameongezeka mara moja na nusu, kwa sababu akina mama wenyewe wamekuwa wengi. Nguvu hii huitwa msukumo wa umri. Mwaka 2017 theluthi moja ya Wamisri walikuwa na umri usiofikia miaka 15. Kwa hiyo wazazi wa miaka mingi ijayo wamekwisha kuzaliwa.

ARDHI NA MAJI

Hapa ndipo ongezeko linapokutana na mtawanyiko. Mtoto anayezaliwa katika kijiji cha delta atahitaji nyumba, na ardhi iliyo karibu ya kujenga ni shamba. Udongo wa Naili, ulioletwa na mafuriko ya maelfu ya miaka, huweza kutoa mavuno mawili au zaidi kwa mwaka. Ukishafunikwa kwa saruji haurudi. Kwa muda mrefu udongo huo pia ulichimbwa na kuchomwa matofali, mpaka sheria ikakataza katika miaka ya 1980. Sheria za kuzuia ujenzi mashambani zipo, lakini ujenzi huo haukukoma, na uliongezeka sana baada ya machafuko ya kisiasa ya 2011.

Maji nayo yana hesabu yake. Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa kati ya 1960 na 1970, lilikomesha mafuriko ya kila mwaka na kuwezesha mashamba kumwagiliwa majira yote. Kwa mapatano ya mwaka 1959 baina ya Misri na Sudan, Misri ilitengewa meta za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Mwaka 1960 Misri ilikuwa na watu milioni 26, na hivyo fungu la kila mtu lilizidi meta za ujazo 2,100. Mwaka 2017 fungu hilo lilikuwa 585 tu. Kwa kawaida nchi huhesabiwa kuwa na uhaba wa maji inapokuwa chini ya meta za ujazo 1,000 kwa mtu. Misri huziba pengo kwa kuyatumia tena maji yanayotiririka kutoka mashambani, na kwa kununua nafaka nje. Imo miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani.

Nchi za juu ya mto hazikuwamo katika mapatano ya 1959, nazo pia zina watu wanaoongezeka. Naili Nyeupe hutoka Ziwa Victoria, lakini hupoteza maji mengi kwa mvuke katika mabwawa ya Sudan Kusini, na takriban asilimia 85 ya maji yafikayo Misri hutoka milima ya Ethiopia. Huko Ethiopia lilianzwa bwawa kubwa la umeme mwaka 2011, nalo likazinduliwa mwaka 2025. Ugawaji wa maji ya Naili umebaki kuwa jambo la mabishano.

KUELEKEA JANGWANI

Tangu miaka ya 1970 Misri imejaribu kuubadili mtawanyiko wenyewe. Ilijengwa miji mipya jangwani, kama ule wa Kumi Ramadhani na ule wa Sita Oktoba. Mwaka 1997 ulianzishwa mradi wa Toshka wa kulima jangwa la kusini, na mwaka 2015 ulitangazwa mji mkuu mpya mashariki ya Cairo. Viwanda vingi vimehamia katika miji hiyo, lakini watu waliohamia ni wachache kuliko ilivyotazamiwa. Nyumba peke yake haimvuti mtu aache ukoo, soko na usafiri aliouzoea. Na mji wa jangwani nao hunywa maji ya mto uleule.

Walimu wanaweza kulitumia somo hili nyumbani. Darasa na litafute, katika taarifa za sensa, idadi ya watu wa wilaya yake na eneo lake, likokotoe msongamano. Kisha liondoe misitu ya hifadhi, mabwawa na miamba, likokotoe tena. Namba mbili zitakazopatikana zilinganishwe, na wanafunzi waeleze ni ipi inayosema zaidi juu ya mashamba, visima na shule za wilaya hiyo.