Kabla hujanunua taa ya kupigia picha, panga upya chumba chako

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, mtaji usiishie kwenye taa. Mimi nauza mikoba, naishi chumba kimoja cha kupanga, na studio yangu ni kona ya dirishani. Naipanga hivi:

1. Sogeza meza karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu. Jua likipiga moja kwa moja, shusha pazia jepesi jeupe.

2. Zima taa ya ndani. Mwanga wa njano unabadilisha rangi: mkoba mweupe unaonekana krimu. Mteja akiupokea anasema sio huu, na boda ya kurudisha unalipa wewe.

3. Tundika shuka jeupe ukutani, lishuke mpaka juu ya meza. Lipige pasi kwanza, mikunjo inaonekana. Mzigo mweupe uwekee shuka la rangi iliyokolea.

4. Upande wa kivuli simamisha kipande cha boksi ulichokifunika karatasi nyeupe. Kinarudisha mwanga, kivuli kinapungua.

5. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini.

Ukishapiga, linganisha picha na mzigo wenyewe. Rangi zikifanana, posti. Mteja aliyepokea alichokiona ndiye anayerudi.