Fahamu: Diski Iliyofomatiwa kwa Makosa
Mnamo Julai 2006, fundi wa kompyuta katika Idara ya Mapato ya jimbo la Alaska, Marekani, alifomati diski yenye kumbukumbu za waombaji wa gawio la mfuko wa mafuta, kisha akafomati na ile ya akiba, na tepu zilizobaki kuwa tegemeo la mwisho hazikusomeka; ikalazimu makaratasi ya masanduku zaidi ya 300 yaskaniwe upya, kwa gharama iliyopindukia dola 200,000.

Ufomati wa haraka, ajabu yake, haufuti mafaili yenyewe bali hufuta faharasa yake tu, mithili ya maktaba iliyopotewa na daftari la orodha ilhali vitabu vingali rafuni. Basi aliyefikwa na msiba huo asiandike wala kusakinisha chochote katika diski ile, bali aichomoe, aiunganishe na kompyuta nyingine, atoe nakala yake kamili, na juu ya nakala hiyo ndipo atumie programu kama PhotoRec, ya bure, ambayo huyatambua mafaili kwa alama zake, ingawa majina yake ya asili aghalabu hayarejei. Ufomati kamili wa Windows tangu Vista, uandikao sifuri kila mahali, hauna dawa. Na diski za SSD, kwa amri iitwayo TRIM, huenda zikajisafisha kabla mwenyewe hajamaliza kuvilaumu vidole vyake.