Redio ya Zamani Haijafa, Imekaukiwa

Kati ya Kasongo na Kabambare kuna zaidi ya kilomita 100, na Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema nchini Kongo, iko mbali zaidi. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kituo chenye mtambo mdogo hakisikiki mbali sana nje ya mji wake. Mawimbi mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana redio kubwa ya mawimbi mafupi ya miaka ya 1960 au 1970, iliyonyamaza na kusahauliwa juu ya kabati, inastahili fundi kabla ya jalala. Mara nyingi kilichoharibika ni kidogo na kinajulikana.

Mshukiwa wa kwanza ni kapasita za elektroliti. Ndani yake mna utepe wa aluminiamu na karatasi iliyolowa kemikali. Miaka ikipita unyevu ule hukauka, na joto huharakisha. Sauti hufifia, huvuma, au hutoa mdundo kama wa mtumbwi wa injini kwenye mto Lualaba. Koili, spika na ufito wa feriti huwa bado ni vizima. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, na upande wa hasi usikosewe. Zinazong'olewa kwenye televisheni mbovu nazo zimezeeka, kwa hiyo zipimwe kwanza. Mshukiwa wa pili ni transista za AF114 hadi AF117, zilizojaa katika redio za Ulaya za zama hizo: ndani ya ganda lake huota nyuzi nyembamba za bati zinazounganisha ganda na sehemu za ndani na kuleta shoti. Fundi akikata mguu wa nne, ule unaounganisha ganda na ardhi, mara nyingi redio huamka, ingawa dawa ya kudumu ni transista nyingine.

Wapo wasemao redio mpya ni rahisi. Ni kweli, lakini nyingi zina spika ndogo na vipuri vidogo mno kwa chuma cha kawaida cha kulehemu. Simu nayo inataka mtandao na chaji, na haitoshi baraza zima. Hoja nzito ni kwamba watangazaji wanayaacha mawimbi mafupi. Sauti ya Amerika, iliyosikilizwa sana kwa Kiswahili, ilinyamazishwa Machi 2025. Hoja hiyo naikubali nusu. Redio isiyo na bendi yenye kituo cha kusikilizwa isigharimiwe. Yenye mawimbi mafupi pamoja na FM itashika ya mbali na ya jirani pia. Katika ukarabati wenyewe, wakusanyaji wa redio za zamani huko Ulaya huficha kapasita mpya ndani ya ganda la zamani ili sura ya ndani isibadilike. Kazi nzuri, ila si ya lazima kwa anayetaka habari. Cha lazima ni kubadilisha kapasita moja moja na kusikiliza kila mara, ili kosa likizuka fundi ajue limeingilia wapi.