Parkinson: Uzee unavyozichosha chembe za shina la ubongo

Mkono wa mzee unapoanza kutetemeka akiwa ametulia, na hatua zake zinapokuwa fupi na nzito, jamaa wengi husema kuwa huo ni uzee tu. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Umri mkubwa ndio unaoongeza zaidi hatari ya kupata ugonjwa wa Parkinson, lakini ugonjwa huo si sehemu ya uzee wa kawaida, na zipo dawa za kupunguza makali yake.

Chanzo cha dalili hizo kimo katika shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Upande wake wa juu una eneo dogo ambalo jina lake la Kilatini lina maana ya dutu nyeusi. Chembe za neva za eneo hilo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha na kuratibu mwendo wa viungo. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huo mwaka 1817, lakini ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya Konstantin Tretiakoff kuonyesha jijini Paris, mwaka 1919, kwamba chembe za eneo hilo huharibika kwa wagonjwa.

Wataalamu wanaeleza kuwa chembe hizo huzeeka vibaya kwa sababu ya kazi zake. Hutoa mapigo ya umeme usiku na mchana bila kusubiri kuamshwa, na kila pigo huingiza madini ya kalsiamu ambayo lazima yatolewe tena kwa nguvu nyingi. Nguvu hiyo hutoka katika mitokondria, ambazo ni mfano wa vinu vya umeme ndani ya chembe, na uzalishaji wake huacha mabaki yenye sumu. Mwaka 2006, watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliripoti kuwa kwa watu wazee na kwa wagonjwa wa Parkinson, vinasaba vya mitokondria za chembe hizo vilikuwa vimepoteza vipande vingi.

Hata mtu mwenye afya hupoteza baadhi ya chembe hizo. Utafiti wa Julian Fearnley na Andrew Lees wa London, uliochapishwa mwaka 1991, ulikadiria upotevu wa asilimia 5 hivi kwa kila miaka 10. Kwa mgonjwa wa Parkinson kasi ni kubwa zaidi, huku protini iitwayo alfa-sinukleini ikiganda na kurundikana ndani ya chembe. Kwa kuwa chembe zinazobaki huziba pengo, kutetemeka huanza pale ambapo sehemu kubwa imekwisha kufa.

Chini kidogo ya hapo, katika shina hilohilo, kuna doa la rangi ya buluu linalotoa noradrenalini, kemikali ya kuamsha akili na kuimarisha umakini. Mwaka 2011, Heiko Braak wa Ujerumani na mwenzake waliripoti kuona humo mabadiliko ya protini ya tau, inayohusishwa na ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, hata kwa watu wasiotimiza miaka 30. Mabadiliko hayo hayana maana kwamba kila aliye nayo ataugua, bali yanaonyesha kuwa safari hiyo yaweza kuanza miongo kadhaa kabla ya dalili.

Kuchelewa kutambua ugonjwa kuna gharama. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson miongoni mwa wakazi zaidi ya 161,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kuwa wana ugonjwa huo, na hivyo hawakuwa wakitibiwa.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia chembe hizo zisife. Hata hivyo, levodopa, inayogeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo, humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea, kula na kuvaa mwenyewe, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mzee anayetetemeka, anayekakamaa viungo au aliyepunguza mwendo ghafla au polepole anastahili kupelekwa hospitali akachunguzwe.